Nafasi 27 za ufadhili bila swali hata moja

Mwanzoni mwa mwaka huu binti ya kaka yangu alinitembelea nyumbani South B akiwa na daftari la jalada gumu, amelishika jinsi mtu anavyoshika hatimiliki ya shamba. Alikuwa amehitimu Desemba, shahada ya kwanza ya biolojia, na katika majuma machache yaliyofuata alikuwa ameorodhesha nafasi ishirini na saba za ufadhili wa masomo ya uzamili: jina la mfadhili, nchi, tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, posho ya kila mwezi, na safu ya mwisho iliyoandikwa kwa wino mwekundu, "Je, wanalipa tiketi ya ndege?" Ilikuwa kazi safi. Nilimmiminia chai, nikazipitia kurasa zote, kisha nikamuuliza ni jambo gani hasa analotaka kulichunguza.

"Wanyamapori, Shangazi," alijibu. "Au afya ya mazingira. Kile kitakachopatikana."

Sikumcheka, kwa kuwa nililijua daftari hilo. Nilipokuwa na umri wake niliandika barua pepe arobaini na tatu kwa maprofesa wa Ulaya na Marekani, na zote zilikuwa barua moja. Nilikuwa nikibadilisha jina la anayeandikiwa tu, na safari moja hata hilo sikulibadilisha. Nilijieleza kuwa mwenye bidii, mwenye kupenda maumbile tangu utotoni, na aliye tayari kufanya kazi popote. Nilipata majibu mawili, moja likiwa limetumwa na kompyuta kunijulisha kwamba profesa yuko likizoni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba katika taaluma hii nafasi ya utafiti haiko kama kiti kitupu kinachosubiri mtu wa kukikalia. Mara nyingi hupatikana pale mtu mwenye swali anapokutana na mtu mwenye maabara, data au uwanja wa kulijibu swali hilo, na fedha hutafutwa na wawili hao wakiwa wameshakubaliana. Yapo matangazo ya kweli, na mengine nitayataja, lakini hata hayo huulizia pendekezo la utafiti, na pendekezo lisilo na swali hutambulika kuanzia sentensi ya pili.

Barua yangu ya arobaini na nne niliiandikia mhadhiri wa papa hapa Nairobi, na ilikuwa na mistari sita. Kila asubuhi matatu yangu ilipokwama karibu na Uwanja wa Nyayo nilikuwa nikiwatazama marabu, wale korongo wakubwa wenye vipara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, wakiwa wamesimama juu ya migunga kama wazee wa baraza. Nilijua kwamba ndege hao hula kwenye majaa ya taka na kurudi mjini kulala. Nikauliza: ikiwa chakula chao kinatoka jaani, je, manyoya yao yanaweza kutuonyesha kiasi cha madini ya risasi yanayozunguka katika jiji hili? Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana. "Njoo Jumanne, na uje ukijua unyoya hupokea madini kwa njia gani."

Nilikwenda nikiwa nimesoma. Unyoya unapoota huwa umeunganishwa na mishipa ya damu, na madini yaliyomo katika damu hujifunga kwenye protini inayoujenga. Ukishakomaa, mishipa hiyo hufunga na hesabu ya ndani huishia hapo. Lakini vumbi la barabara na moshi wa magari huendelea kuupaka unyoya kwa nje, kwa hiyo mtafiti asiyeuosha ipasavyo hupima barabara akidhani anampima ndege. Mhadhiri alinisikiliza, akaniuliza nitajuaje kwamba manyoya kumi niliyookota chini ya mti mmoja hayakutoka kwa ndege mmoja, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeanza shahada ya uzamili.

Tatizo la vijana wetu wengi wanaosomea ikolojia ni kwamba wanaiona Nairobi kama stendi ya mabasi, mahali pa kungojea gari la kwenda Mara, Amboseli au ng'ambo. Ninaamini kwamba ni kinyume. Kwa mtu anayetaka kuunganisha wanyamapori na afya ya mazingira, ni miji michache inayoweza kushindana na huu. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilitangazwa mwaka wa 1946. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 hivi, imezungukwa na ua pande tatu, na upande wa kusini iko wazi kuelekea nyanda za Kitengela na Kaputiei, ambako viwanja vinauzwa na nyua zinaongezeka kila mwaka. Reli ya kisasa inaikata hifadhi hiyo ikipita juu ya daraja refu. Mwezi wa Juni mwaka wa 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Upande mwingine wa mji Mto Nairobi unapita kando ya jaa la Dandora, unaungana na Athi, na maji yale yale humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi yakiwa yamebadilishwa jina kuwa Galana na kisha Sabaki. Mtu akiniambia hapa hakuna cha kuchunguza, humwomba ashuke kwenye matatu na atembee kwa miguu.

Wenye vyombo na ujuzi nao wametapakaa humu humu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina biolojia Chiromo na tiba ya mifugo Upper Kabete, pamoja na taasisi yenye jina la Wangari Maathai, aliyefundisha anatomia ya mifugo chuoni humo na kupata shahada yake ya uzamifu mwaka wa 1971. Karibu na Kabete ipo ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Kasarani ipo icipe, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka wa 1970 kwa ajili ya sayansi ya wadudu, ambayo tangu mwaka wa 1983 imekuwa na mpango wake wa kuwafunza Waafrika wa shahada ya uzamifu. Karen kuna taasisi ya utafiti wa nyani, Gigiri kuna makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na Makavazi ya Kitaifa yana makabati ya ngozi za ndege na wanyama zilizokusanywa kwa miongo mingi, ambazo wanafunzi wachache mno huzifungua. Naivasha, mwendo wa saa mbili kwa gari, ipo Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, ambayo sasa ndiyo mlango mkuu wa utafiti wa wanyamapori nchini.

Lakini majina ya taasisi ni orodha nyingine tu, na binti ya kaka yangu alikuwa na orodha za kutosha. Kwa hiyo nilimsimulia tafiti mbili za Laikipia, kwa sababu kwangu hakuna mifano bora zaidi ya swali linavyozaliwa.

Katika kituo cha Mpala, tangu mwaka wa 1995, kuna jaribio ambalo uwanda umegawanywa kwa nyua katika viwanja vya hekta nne, kila kiwanja kikiruhusu aina fulani ya wanyama na kuzuia nyingine: hapa ng'ombe peke yao, pale wanyamapori bila tembo na twiga, kwingine hakuna mla majani mkubwa yeyote. Jaribio lilibuniwa ili kuelewa jinsi ng'ombe na wanyamapori wanavyogawana malisho. Miaka mingi baadaye watafiti wakiongozwa na Hillary Young waliliuliza swali ambalo halikuwa la malisho hata kidogo: wanyama wakubwa wakitoweka, magonjwa yanaelekea wapi? Waliwatega panya na wanyama wengine wadogo wagugunaji ndani na nje ya nyua, wakawahesabu viroboto wao na kuwapima. Majibu yalichapishwa mwaka wa 2014. Mahali ambapo wanyama wakubwa walikuwa wamezuiwa, nyasi na mbegu zilibaki kuwa chakula na maficho ya panya, idadi ya panya ikaongezeka takriban maradufu, na idadi ya viroboto wenye bakteria wa jamii ya Bartonella, wanaoweza kumletea binadamu homa, ikaongezeka vivyo hivyo. Mtu anayehesabu twiga na mtu anayetibu homa kijijini walijikuta wanazungumzia uwanda mmoja.

Utafiti wa pili uliongozwa na Mkenya, Douglas Kamaru, aliyeufanya akiwa mwanafunzi wa uzamifu wa Chuo Kikuu cha Wyoming, na ulichapishwa katika jarida la Science Januari mwaka wa 2024. Mwanzo wake ni wadudu chungu. Kwenye hifadhi ya Ol Pejeta migunga ya miiba yenye vivimbe hulindwa na chungu wazawa wanaoishi ndani ya vivimbe hivyo na kumng'ata tembo pale anapoingiza mkonga. Wakaja chungu wavamizi wenye vichwa vikubwa, wakawaua wale walinzi. Tembo wakaivunja miti, uwanda ukabaki mweupe, na simba, ambaye huwinda kwa kuvizia, akakosa mahali pa kujificha asionwe na punda milia. Kati ya mwaka wa 2003 na 2020 sehemu ya punda milia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42, na nyati wakapanda kutoka sifuri hadi asilimia 42. Chungu mdogo amebadilisha chakula cha simba!

Nilimwambia binti huyu ajiulize ni nani kati ya wanafunzi wenzake aliyeandika katika maombi yake kwamba anapenda chungu. Wote wanampenda simba. Hata mimi nilimpenda simba, na barua zangu arobaini na tatu zilimtaja.

Jambo lingine ambalo ningependa waombaji walifahamu mapema ni kwamba si kila utafiti unahitaji gari la magurudumu manne na mahema. Serikali yetu imekuwa ikihesabu wanyama na mifugo wa nyanda kame kwa ndege ndogo tangu mwaka wa 1977, kupitia kurugenzi ya upimaji wa rasilimali iliyo hapa Nairobi, na ni kwa kuzichambua hesabu hizo za miongo kadhaa ambapo Joseph Ogutu, Mkenya aliye Chuo Kikuu cha Hohenheim nchini Ujerumani, pamoja na wenzake, walionyesha mwaka wa 2016 kwamba wanyamapori wa nyanda hizo walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Rubani na wahesabuji walikuwa wameshafanya sehemu yao. Kilichobaki kilikuwa swali na takwimu. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka wa 2021, iliyohesabu tembo 36,280 na vifaru 1,739, nayo inasubiri watu wa kuihoji zaidi ya kuinukuu. Ramani ya ndege wa Kenya, ambayo watu wa kawaida huijaza kwa kuandika ndege waliowaona katika miraba ya kilomita tisa kwa tisa hivi, ipo wazi kwa yeyote. Mwanafunzi anayejua kuandika msimbo wa R, programu ya takwimu, vizuri, na anayeelewa kwa nini hesabu ya wanyama angani si sawa na idadi yao ardhini, ana nafasi kubwa ya kupata msimamizi kuliko mwenye picha nyingi za duma. Ninalisema hili nikijua kwamba halipendezi. Kila mtu huingia ikolojia ili aondoke ofisini.

Upande wa afya ya mazingira una uzito wake, na ninadhani ndio ambao wanabiolojia huuingia bila kujiandaa. Mwaka wa 2007 UNEP ilitoa utafiti kuhusu jaa la Dandora ambao ulichunguza watoto na vijana 328 wanaoishi na kusoma jirani. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati ule, maikrogramu 10 kwa desilita. Leo kiwango kinachotumiwa nchini Marekani kumtambua mtoto wa kufuatiliwa ni 3.5, kwa hiyo unaweza kukisia picha ingekuwaje kwa kipimo cha sasa. Mwanafunzi akiniambia anataka kupima damu za watoto, humuuliza swali moja kabla ya yote: ukiyapata madini hayo katika damu ya mtoto wa mtu, utamwambia nini mama yake, na utampeleka wapi? Kamati za maadili humuuliza hilo hilo kwa maneno marefu zaidi, na hudai ridhaa ya mzazi kwa maandishi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Asiyekuwa na jibu arudi kwenye ndege, au udongo, au maji, ambavyo pia vina mengi ya kusema.

Kati ya mnyama na binadamu ndipo nafasi zimeongezeka zaidi katika miaka ya karibuni. Nchi hii ina historia yake hapo: homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa mara ya kwanza katika kondoo wa shamba moja karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na milipuko yake mikubwa ya mwaka wa 1997 na wa 2006 ilifuata mvua nyingi zilizofurisha mabonde na kuwaangua mbu. Hapa jijini, watafiti wa ILRI na wenzao walizichagua kaya 99 katika mitaa ya hali mbalimbali za maisha, wakachukua sampuli za watu, mifugo, panya, popo na ndege wa kaya hizo, ili kufuatilia jinsi bakteria wa E. koli na usugu wake dhidi ya viuavijasumu unavyosambaa kati ya viumbe wanaoishi ua mmoja. Kutoka katika kazi moja ya aina hiyo wanafunzi wengi wanaweza kupata tasnifu zao, mmoja akishika panya, mwingine popo, mwingine jenetiki. Mradi mkubwa unapoanza, hatua ya busara ni kumwandikia mtafiti wake mkuu ukimwonyesha pengo ambalo hakulitengea mtu.

Sasa nifikie vibali, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo nilipoumia.

Kwa msisimko wa jibu lile la haraka nilianza kazi majuma mawili kabla ya kujisajili. Nilikuwa nikiamka saa kumi na moja, nikiokota manyoya chini ya migunga kabla magari hayajajaa, nikiyatia katika bahasha zenye tarehe na namba ya mti. Askari wa kaunti waliniona mara mbili wakanidhani mgonjwa. Nilikuwa na bahasha mia moja na thelathini nilipozipeleka kwa msimamizi kwa fahari, naye akaniuliza kibali kiko wapi. Nikamwambia kwamba manyoya yaliyoanguka barabarani ni takataka, si mali ya mtu. Hakubishana nami, alinifungulia Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 mahali inapoeleza maana ya nyara, na unyoya ulikuwamo. Kisheria nilikuwa nimejaza sanduku la nguo nyara za serikali. Bahasha zote zilisalimishwa, na mimi nikaanza upya baada ya miezi minne, wakati ndege walikuwa wameshahama kwenda kwenye viota vyao na miti ilikuwa na ndege wachache mno.

Kwa hiyo msomaji anayepanga kuanza Septemba aanze vibali Machi. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na maombi hufanywa mtandaoni. Utafiti wa wanyamapori hupitia pia taasisi ya Naivasha pamoja na KWS, shirika la huduma za wanyamapori, hasa ukiingia ndani ya hifadhi au kumgusa mnyama. Kushika, kutega au kutoa damu huhitaji idhini ya kamati ya maadili ya wanyama ya chuo chako. Kumhoji mtu au kumpima huhitaji kamati ya maadili ya utafiti wa binadamu. Ukitaka kuchunguza jenetiki, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ina kanuni za mwaka wa 2006 kuhusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na ugawanaji wa manufaa, na ni lazima wenye eneo wakubali kwanza kwa kuelezwa. Sampuli zikitoka nje ya nchi huongezeka mkataba wa kuzihamisha, kibali cha nchi inayozipokea, na kwa spishi zilizoorodheshwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kibali cha kuzisafirisha pia. Mgeni kutoka ng'ambo hulazimika kujiunga na taasisi ya hapa kabla ya yote hayo, na hili limewafungulia wanafunzi wa Kenya mlango wasiouona: mtafiti mgeni humhitaji mshirika wa hapa, na mshirika huyo anaweza kuwa mwanafunzi mwenye tasnifu yake mwenyewe ndani ya mradi, badala ya kuwa mbeba mizani na mpiga picha za kumbukumbu. Uliza mapema jina lako litakaa wapi kwenye makala. Swali hilo si utovu wa adabu.

Kuhusu fedha nitasema machache, maana tarehe hubadilika na kila mfadhili ana masharti yake. Kwa shahada za hapa na za nchi jirani, DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, hutoa ufadhili wa kusomea ndani ya kanda. Mfuko wa Taifa wa Utafiti hutangaza ruzuku zake. CARTA, iliyo na makao yake Nairobi, huwafadhili wanaosomea uzamifu katika afya ya jamii. WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi, ina mfuko wa elimu wenye jina la Russell Train. Na wakfu wa Rufford wa Uingereza hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi ambazo zimewatosha wanafunzi wengi kwa gharama za nyanjani, ingawa si kwa karo. Tropical Biology Association huendesha kozi za mwezi mmoja nyanjani, na ninawajua watu waliopata msimamizi wao katika kozi hizo wakiwa wamekaa kando ya moto usiku. Kwa Marekani ieleweke kwamba mwanafunzi wa uzamifu wa ikolojia kwa kawaida halipi karo bali hulipwa kwa kufundisha au kusaidia utafiti, na ndiyo sababu profesa lazima akukubali yeye kwanza kabla idara haijakuona. Ujerumani na Uholanzi uzamifu mara nyingi ni kazi yenye mkataba na mshahara, hutangazwa kama kazi, na huombwa kama kazi. Tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, ifungwe mwaka wa 2025, miradi mingi ya hapa iliyoitegemea Marekani imepunguza watu au imekufa, kwa hiyo mwulize msimamizi waziwazi fedha zake zinaisha lini. Anayekasirishwa na swali hilo amekujibu.

Na msimamizi mwenyewe, jamani, achunguzwe kama mchumba anavyochunguzwa. Nimewaona wanafunzi hodari walioketi miaka sita na tasnifu ya miaka miwili kwa sababu rasimu zao zilikuwa zikilala kwenye meza ya mtu. Watafute wanafunzi wake wa awali, uwaulize walichukua muda gani kumaliza, na kama waliandika makala pamoja naye. Wangu mimi alikuwa mkali na alizirudisha kurasa zangu ndani ya juma moja kila mara, zikiwa nyekundu kama mchuzi wa nyanya. Nilimaliza kwa miaka miwili na nusu licha ya ule ujinga wa bahasha.

Binti ya kaka yangu aliondoka siku ile akiwa amenuna kidogo, nadhani. Alitarajia nimsaidie kuchagua kati ya nafasi ishirini na saba, nami nilikuwa nimemweleza habari za chungu. Majuma matatu baadaye alinitumia ujumbe mrefu. Alikuwa amepita Dagoretti, kwenye machinjio, akawaona mwewe wakizunguka kwa makumi na kunyakua vipande vya utumbo kutoka kwenye mifereji. Aliuliza: je, mwewe wanaokula machinjioni wana bakteria sugu zaidi kuliko mwewe wa msitu wa Karura, na kama ndivyo, wanawapeleka wapi wanapokwenda kulala?

Nilimjibu kwa maswali matatu. Utamshikaje mwewe? Utajuaje kwamba mwewe wa Karura hali Dagoretti, ikiwa kutoka huko hadi huku ni safari fupi tu kwa ndege? Na watafiti wa zile kaya 99 walikwishapata nini katika ndege, usije ukarudia kazi yao? Alinyamaza siku mbili. Kisha akajibu kwamba halazimiki kumshika, kwa kuwa kinyesi kibichi kinaweza kukusanywa chini ya miti wanayolala, na kwamba hilo swali la pili hana jibu lake, ila huenda kwanza akaitafuta miti yenyewe na kuwahesabu ndege wanaoingia jioni na kutoka asubuhi, na upande wanaoelekea. Nikamwambia hiyo sasa ni sura ya kwanza ya pendekezo. Kuhesabu kwa macho kutoka barabarani hakugusi unyoya wala kinyesi, lakini hata hivyo nimemwelekeza kwa mhadhiri mmoja wa Kabete amwulize vibali kabla ya kuokota chochote.

Jumamosi iliyopita alikuja kuazima darubini yangu. Alikuwa na daftari lile lile, amelipindua ili aanzie nyuma, na katika ukurasa wa kwanza wa upande huo alikuwa amechora jedwali lenye safu nne: mti, saa, idadi, uelekeo.